Mkono Unaotandaza Uboho

4 Machi

Bwana Sindano wangu,

Sanduku limefika jana na basi la asubuhi, vioo vya hadubini vyote kumi na viwili vizima, na barua yako imekunjwa chini yake kama kawaida yetu. Nimesoma vioo kwanza, barua baadaye. Usinune. Ni wewe uliyenifundisha kwamba mgonjwa hutangulia mapenzi.

Paka wa mama wa duka la vitambaa hana saratani, mwambie alale usingizi. Uboho wake umejaa vizuri, chembe changa za kila aina zipo, na zile kubwa zinazozaa vigandisha damu nimezihesabu mpaka nikachoka. Chuma hakionekani, lakini uboho wa paka mzima huwa hauonyeshi chuma, kwa hiyo huyo daktari wako mgeni asikimbilie kumwandikia dawa ya kuongeza damu. Ninamtaja mimi kwa sababu wewe humtaji. Januari uliandika mstari mmoja tu, kwamba umepata daktari kijana wa kukusaidia siku za msongamano, kisha ukarukia habari za paa linalovuja.

Sasa nitoe lililonikaa kooni. Nani anatandaza?

Usiniambie ni wewe. Nimekaa nawe kwenye meza ile miaka tisa. Wewe unazungusha sindano mpaka ishike kwenye mfupa, unavuta bomba, na ukiona wekundu tu umeingia unaacha papo hapo. Unanigeukia, nami kioo nimeshakiinamisha, damu inatiririka chini, punje za uboho zinabaki juu. Naweka kioo cha pili, navuta mara moja, kabla haijaganda. Hatukuwa tunasema neno. Mama yako alidai tukiwa kazini tunafanana na watu waliogombana.

Na siku nilizougua ukatandaza mwenyewe, ulizipasua chembe zote. Mkono wako wa kulia una nguvu ya kutoboa mfupa, hauna adabu ya kutandaza. Hivi vioo vya sasa vina adabu. Uboho umelala mwembamba, chembe hazikupasuka, punje zimekaa mahali pake. Ila umelalia upande wa pili, siyo upande niliokuwa nikiulaza mimi. Na jina la paka limeandikwa kwa penseli kwa herufi za mviringo, zimepangwa kwa uangalifu kama za msichana wa shule.

Hapa maabara tuna hadubini ya vichwa viwili, watu wawili wanaitazama chembe moja kwa wakati mmoja. Profesa alikaa kichwa cha pili, akatazama, akasema aliyetandaza kioo hiki ana mkono wa dhahabu. Nikamwambia ni kliniki ya mume wangu. Akasema basi mumeo ana bahati. Chakula cha mchana sikukimaliza.

Jambo la mwisho: tangu nilipoondoka baada ya likizo ya Desemba, barua zako zimechapwa kwa mashine. Ninaupenda mwandiko wako, hata kama ni nyayo za kuku. Urudishe.

Mkeo,
Mama Vioo


12 Machi

Mama Vioo,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na nikaisoma tena nimekaa. Paka wa duka la vitambaa amerudishwa kwao, na mama mwenyewe ametuletea mita mbili za kitambaa cha mapazia ambacho hakilingani na kitu chochote ndani ya nyumba hii. Mama ameshakitundika.

Kuhusu kuchapa: mwandiko wangu ulikuwa unakuumiza macho, ulisema mwenyewe, zaidi ya mara moja. Macho yako sasa ni mali ya maabara. Nayatunza.

Kuhusu anayetandaza: kazi inafanyika, wewe mwenyewe umekiri inafanyika vizuri, sioni kosa liko wapi. Daktari Mgeni ni mtu wa adabu. Ana mikono yenye nguvu na maneno machache. Anakuja saa mbili, anaondoka saa kumi na moja, na anakunywa chai bila sukari, jambo ambalo Mama analichukulia kama dharau. Huna la kuogopa hapo.

Mimi ndiye ningeuliza, na sikuuliza. Hiyo hadubini ya vichwa viwili ina urefu gani kati ya kichwa na kichwa? Maana nimeiona kwenye kitabu cha wauzaji. Nimechukua rula nikapima picha. Watu wawili wakiitazama chembe moja, paji la uso na paji la uso yanabakiza nafasi ya kupitisha kiganja, basi. Na huyo Profesa kila barua yumo. Profesa kasema, Profesa kacheka, Profesa kaleta biskuti. Mwezi wa pili alikuwa "mkuu wa maabara", sasa amekuwa "Profesa" tu, kesho atakuwa nani?

Nimesema. Roho imepoa kidogo.

Mshona viatu wa hapa getini anakusalimu. Mbwa wake, Karani, amekuwa mnyonge. Unamkumbuka, yule anayelala katikati ya viatu vilivyotengenezwa na hakubali mtu achukue jozi isiyo yake. Juzi mteja alichukua viatu vya mwenzake, Karani akamtazama tu. Mshona viatu alinijia mbio kuliko kama angeibiwa duka zima. Nitampima damu kesho.

Mumeo


20 Machi

Mume wangu,

"Kazi inafanyika." Nilikuuliza nani, ukanijibu kazi. Nimekaa na wewe miaka mingi, najua ukianza kusifu mapazia kuna kitu nyuma ya pazia.

Jumapili nilipopiga simu nilimuuliza Mama, kwa utani, huyo daktari mgeni ni mwanamke au mwanamume. Mama yako, mtu ambaye hajawahi kunyamaza akiwa na simu mkononi, alinyamaza. Halafu akasema, "Ni mtoto wa watu tu, mkwe wangu, kula vizuri." Ndipo ukachukua simu wewe, ukaanza habari za mvua. Nimeelewa. Ni mwanamke, na nyumba nzima mmekubaliana nisiambiwe.

Sikiliza, siyo kwamba ninadhani mmelala pamoja. Ningekuwa nadhani hivyo ningepanda basi, nisingeandika. Ninachokiona mimi ni kibaya zaidi kwangu, na najua ukimweleza mtu mwingine atanicheka. Kuna sekunde tano baada ya sindano kutoka, wewe umeshika bomba na mtu wa pili ameshika kioo, na hakuna muda wa kuomba wala kushukuru. Sekunde hizo zilikuwa zangu. Wewe hukunichumbia kwa maneno, ulinichumbia kwa kuninyooshea bomba bila kutazama, kwa sababu ulijua nipo. Sasa unamnyooshea mwingine bila kutazama. Ninaona kwenye vioo. Hakuna donge hata moja lililoganda. Mnaelewana.

Wivu umenipanda mpaka kwenye meno. Nimeandika ili usiseme sikukwambia.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja. Vioo vinavyokuja kwangu, vuta wewe, tandaza wewe. Vikipasuka chembe, nitasoma zitakazobaki. Huyo mwenye mwandiko wa mviringo asiguse kioo kinachokuja kwangu.

Na Profesa ana miaka sitini na tatu na ananuka dawa ya misuli. Usinitolee hoja ya rula.

Mkeo


28 Machi

Mke wangu,

Humu sandukuni kuna vioo vya Karani, sita, na chupa ya damu yake ya leo hii. Soma kwanza, hasira baadaye. Nakuomba kama daktari kwa daktari.

Damu yake imeshuka. Mbwa mzima huwa na chembe nyekundu arobaini kwa mia, yeye amebakiwa na kumi na nne, na mwili wake hautoi chembe mpya hata moja. Hana kupe, hana minyoo, hatoki damu popote. Jibu liko ndani ya mfupa. Tulimlaza kwa dawa ya usingizi leo asubuhi. Ganzi ilitiwa mpaka juu ya mfupa wenyewe, pale begani, sindano ikashika mara ya kwanza, na punje zilitoka nyingi, zinang'aa kama sukari iliyolowa. Hakulia. Mshona viatu alikaa nje ya mlango ameshika kiatu cha mtu, anakishona na kukifumua, anakishona na kukifumua.

Uboho ukiwa mtupu, tiba yake haipo hapa kwetu. Ikiwa ni saratani, tutamwambia mzee ukweli, tumlaze mbwa asiamke tena, bila mateso. Ikiwa ni ile hali ya mwili kujishambulia wenyewe, dawa ninayo kabatini na ninaweza kuanza siku hiyohiyo. Lakini dawa hiyo nikiitoa kabla ya kujua, nitaifunika saratani na sitaiona tena. Kwa hiyo nasubiri jicho lako. Kumpa usingizi mara ya pili na damu kumi na nne siwezi, moyo wake hautastahimili.

Ulichoniomba kuhusu vioo sikuweza kukitimiza. Mkono ni uleule. Ningeweza ningefanya, niamini hata kama sikuelezi.

Mumeo


2 Aprili

RIPOTI YA MAABARA
Mgonjwa: Karani, mbwa dume, miaka saba.
Sampuli: uboho, mfupa wa bega, vioo sita.
Matokeo: Vioo vimeguswa na mvuke wa formalini njiani. Chembe hazikushika rangi. Havisomeki.
Ushauri: Sampuli irudiwe.

(Chini, kwa kalamu:)

Nilikwambia asiguse.


6 Aprili

Mke wangu,

Formalini gani?

Wiki ile sikutuma kipande cha nyama, sikutuma kijiti cha mfupa, sikutuma kitu chochote kilichohifadhiwa kwa formalini. Chupa ya formalini ya kliniki hii iliisha mwezi wa pili na duka halijaleta nyingine. Vioo vilipanda basi na damu na barua yangu tu. Mvuke ulitoka wapi?

Miaka tisa sijawahi kuitilia shaka ripoti yako. Nimewaambia watu wamlaze mbwa wao asiamke kwa sababu tu wewe umeandika neno moja. Leo nimekaa na karatasi yako nikajikuta nanusa karatasi.

Karani ana kumi na moja. Mzee ameniuliza kama jibu limekuja. Nimemwambia bado.


7 Aprili

Shikamoo Daktari,

Hatujaonana, nami ninaandika bila Daktari mumeo kujua, kwa hiyo ninakuomba radhi mara mbili. Mimi ndiye ninayemsaidia hapa kliniki tangu Januari.

Tulipata ripoti ya Karani. Nimefikiria sana, nimeona kosa kama lipo ni langu. Mimi ndiye niliyevuta. Pengine nilikawia kuacha baada ya kuona wekundu, damu ikazidi. Tafadhali usimlaumu Daktari. Yeye alitandaza vizuri kama anavyotandaza siku zote; mimi huandika tu jina kwa penseli. Kusema kweli tangu kano za mkono wa kulia zikatwe, mkono wake wa kushoto unatandaza kuliko mimi kwa wa kulia. Mama ananihadithia jinsi alivyokuwa akijifunza mwezi mzima kwa wanga wa kupigia pasi, uliotiwa punje za mchele uliosagwa, kwenye vioo vya zamani, Mama akihesabu vilivyoharibika. Kila kikiharibika alikuwa anasema, "Huyu wa maabara atanikamata."

Nilimuuliza mara moja kwa nini asivute yeye nami nitandaze, akaniambia kiganja hakifumbi vya kutosha kuzungusha sindano. Yule mbwa wa ghala alizinduka vibaya kwenye dawa ya usingizi siku ile, akamng'ata. Haya yote unayajua, sikuandiki kukupa habari, nataka tu ujue kwamba mkono uliotandaza haukukosea.

Tulitandaza vioo kumi, tukatuma sita. Vinne vilivyobaki ninavituma sasa kwa mkono wa dereva mwenyewe. Kama vinasomeka hata kwa shida, naomba utupigie simu bila kungoja barua. Mbwa hawezi kurudiwa. Mshona viatu ameacha kushona.

Jambo dogo: kigoda chako kipo salama. Wiki yangu ya kwanza nilikikalia, kile kifupi cha upande wa dirisha. Daktari aliniambia kwa adabu niinuke. Hukikalia yeye tu, wakati wa kutandaza.

Daktari Mgeni


9 Aprili

Mume wangu,

Simu yangu ya jana mchana uliipokea na ukaandika dozi, na sikukupa nafasi ya kusema kitu kingine kwa sababu sauti yangu ilikuwa inaniponyoka. Hii sasa ndiyo barua.

Vioo vinne vya msaidizi wako nilivipokea mikononi mwa dereva. Sikuvifungua. Nilikwenda kwanza kwenye droo yangu nikatoa vile sita vya mwanzo, nikavitia chini ya hadubini. Vinasomeka. Vilikuwa vinasomeka tangu siku ya kwanza. Mvuke haukuwapo. Nilivitazama siku ile dakika mbili, nikaona uboho umelalia upande ule wa pili, nikaona jina "Karani" kwa herufi za mviringo, na nikaandika uongo nikijua ni uongo. Nilitaka urudie kazi kwa mkono wako. Nilitaka yeye aonekane hafai. Mbwa sikumfikiria kabisa, na mzee mwenye kiatu nilimruka kwenye barua yako kama mtu anavyoruka dimbwi.

Uboho wa Karani umejaa. Chembe changa nyekundu zipo tele, zinaanza vizuri, kisha katikati ya njia zinapotea. Nilitafuta zinapotelea wapi nikakuta chembe mlaji mmoja, halafu wa pili, halafu sikuhesabu tena, kila mmoja ana chembe changa tumboni. Mwili wake mwenyewe unakula watoto wake kabla hawajakomaa. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilisogeza kichwa pembeni nisiloweshe lenzi.

Nilimwita Profesa akae kichwa cha pili. Nilimwonyesha chembe, kisha nikamwonyesha ripoti yangu, nikamweleza kwa nini niliiandika. Hakupandisha sauti. Alisema nirekebishe ripoti na sababu niiandike mwenyewe, kwa jina langu, ikae kwenye faili. Hadi mwezi wa saba sitasaini ripoti bila mtu wa pili kuisoma. Ni haki. Nilikuwa nimetegemea kufukuzwa.

Sasa zamu yako. Kano zimekatwa! Miezi mitatu! Nilikuwa nikikuuliza nani, nani, nani, nawe unaniuzia mapazia. Mama yako anahesabu vioo vya wanga mezani kwangu, mtoto wa watu aliyeajiriwa jana anajua, dereva wa basi bila shaka anajua, mimi niliyelala upande wa mkono huo miaka yote ndiye sijui. Mficha maradhi kilio humfichua, na safari hii kilio kilikaribia kuwa cha mshona viatu. Kama ungeniambia mkono ule ni wako, Karani angeanza dawa siku ileile ripoti ilipotoka, tarehe mbili.

Nakuwa mkali kwa sababu nina aibu. Najua. Zote mbili ni kweli.

Nimeuonea wivu mkono wako. Nimekaa hapa nikauchukia, nikaupangia mabaya, nikamwomba Mungu uvunjike. Unaponiandikia, niambie unafumba mpaka wapi.

Nimeshatoa begi chini ya kitanda. Nakuja.

Mkeo


30 Aprili

Mama Vioo,

Unaona nyayo za kuku. Hizi ni za kuku wa kushoto. Barua hii imenichukua asubuhi mbili, kwa hiyo isome polepole, usipoteze jasho langu.

Tangu uliponiambia kwenye simu ya Jumapili kwamba hutapanda basi mpaka usome maandishi ya mkono wenyewe, nimekuwa nikifanya mazoezi ya sahihi.

Karani ana ishirini na sita. Wiki iliyopita alikuwa na kumi na tisa. Jana mteja alinyoosha mkono kwenye jozi isiyo yake akabwekewa hadi akaomba msamaha, na mshona viatu alilia mbele za watu. Nilimweleza kwamba jibu lilichelewa kwa makosa yetu. Akauliza makosa ya nani. Nikasema ya nyumba yangu. Akasema nyumba zote zina makosa, akanirudishia viatu vyangu ambavyo sikuwa nimempelekea. Mama ndiye aliyevipeleka.

Mkono unafumba mpaka nusu. Unashika kikombe, haushiki sindano. Daktari wa mifupa anasema mwaka, labda zaidi, labda usirudi wote.

Sasa nikwambie kwa nini nilificha. Mara mbili uliitwa kwenye maabara hiyo, mara mbili ukabaki. Mara ya kwanza Mama alikuwa mgonjwa. Mara ya pili ni mimi niliyesema nyumba itakuwa kimya, nikajua nimesema nini na ukabaki. Siku ile mbwa wa ghala aliponishika, kabla hata damu haijafika sakafuni, niliwaza: atarudi. Na sehemu moja ya moyo ilifurahi. Niliiogopa sehemu hiyo. Ndiyo maana nikawaapisha wote, Mama kwanza.

Na wivu usidhani ni wako peke yako. Huyu binti anavuta vizuri kuliko nilivyowahi kuvuta mimi. Kila anapozungusha sindano, kiganja changu kilichokufa kinaisikia. Ananinyooshea bomba bila kutazama, kwa sababu anajua nipo. Hapo ndipo nilipoielewa barua yako ya Machi, ile ya sekunde tano. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chako, magoti yamegonga meza, nami ndiye ninayengoja kioo kikiwa kimeinamishwa. Miaka tisa sikujua kwamba wewe ulikuwa unangoja. Nilidhani mvutaji ndiye anayefanya kazi.

Sikwambii usije. Njoo uone mkono, uniseme, ulale kwako. Kisha urudi umalize miezi kumi iliyobaki huko maabara. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hapa tuna vidole vya watu wawili na Mama, vinatosha kwa sasa.

Nimeweka kioo kimoja sandukuni. Siyo cha mgonjwa. Ni wanga na mchele. Kikague.

Mumeo, kwa mkono wake


6 Mei

RIPOTI YA MAABARA
Mgonjwa: hakuna.
Sampuli: wanga wa kupigia pasi, kioo kimoja.
Matokeo: Umetandazwa mwembamba na sawasawa. Punje hazikupasuka. Umelalia kushoto.
Ushauri: Usirudiwe. Uhifadhiwe kwa msomaji, droo ya juu.
Msomaji wa pili: Profesa. Amekubali. Ameuliza kwa nini tunachunguza wanga, nikamjibu.

(Chini, kwa kalamu:)

Nimepewa siku tano. Nashuka Ijumaa na basi la saa tisa, narudi huku Jumatano. Mwambie Daktari Mgeni nitamletea chai bila sukari kwa mikono yangu, na kwamba nina deni naye la kumsalimu uso kwa uso kabla sijaingia ndani.

Kigoda usiniachie. Mchana nikifika, kama kuna mgonjwa mezani, endelea kukaa hapohapo. Mimi nitasimama nyuma yako nitazame. Nimekagua vioo vya watu wengi mwaka huu, na mkono huo unatandaza kuliko wangu. Wivu wangu haujaisha, ila sasa angalau najua ninayemwonea ni nani.

Mkeo